Kibati cha Jiko la Ndege

Tangu mama mkwe wake azikwe, Balbaara hakupewa tena kushika moto wa mtu. Si wa jirani, si wa harusi, si wa shule. Akiingia nyumbani kwa watu anakaribishwa vizuri, anamiminiwa chai ya maziwa, anaulizwa habari za magoti yake, lakini jicho moja la mwenye nyumba liko kwake na la pili liko kwenye jiko. Akiinama hata kuokota ukuni ulioanguka, mtu anaruka. "Acha tu, mama, nitaokota mimi." Kwa adabu. Na adabu ya namna hiyo inauma kuliko kofi, kwa sababu kofi unaweza kulirudisha.

Aliyemletea hayo alikuwa wifi yake, Soppuya, dada wa mumewe. Kuna watu wanaweka kinyongo kama maziwa, siku mbili kimechacha, wanamwaga. Balbaara alikiweka kama tunavyoweka samaki wa baridi, nje juu ya paa, kigumu vilevile, ukikigonga kinalia.

Mambo yalianzia ndani ya ndege.

Kijiji chetu, Tarbakh-Kuol, hakina barabara ila mto, na mto nao mpaka ugande. Mgonjwa akizidiwa anaitiwa ndege, ile yenye bawa juu na bawa chini, ambayo wakati wa baridi inavuliwa magurudumu na kuvishwa mbao ndefu za kutelezea. Ikiwa angani, joto linatoka kwenye injini. Ikitua injini ikazimwa, humo ndani panakuwa sanduku la barafu, mate yako yanafika sakafuni yakiwa punje. Kwa hiyo wakafunga jiko la chuma nyuma tu ya viti vya marubani, bomba likatokea juu kwenye paa. La kuwashwa ndege ikiwa chini. Angani ungelisogelea na kiberiti, rubani angekushusha hukohuko mawinguni.

Aliyelifua jiko hilo alikuwa fundi wa kijijini, mzee wa mikono mizuri na kichwa kigumu, na fundi wa kwetu hajui jiko lisilo na kibati. Kibati ni kile kipande cha bati unachokisukuma kwenye bomba kuliziba. Kuni zimekwisha, makaa yametulia, unasukuma kibati, joto linabaki ndani mpaka asubuhi. Lakini ole wako ukiwahi. Maadamu juu ya makaa panacheza moto wa buluu, hata mdogo kama ulimi wa paka, bomba liachwe wazi. Ukiliziba, sumu ya mkaa inajaa chumbani, haina rangi haina harufu, mnalala mnaota kiangazi na hamwamki. Mtoto wa kwetu anajua hili kabla hajajua kuvaa viatu. Ndege ilikuwa na haja gani ya kibati? Nani analala kwenye ndege? Lakini mzee alikiweka, na kwa kuwa kila jiko kijijini linacho, hakuna aliyemuuliza.

Sasa Soppuya alikuwa mchoyo wa kuni. Mumewe ndiye mkuu wa shamba la farasi, magogo yamejaa uani kwake kama ukuta wa ngome, lakini yeye alikuwa akifunga kibati jiko likiwa bado linacheka. Ukienda kwake kutembea unarudi na kichwa kinagonga. Watu walikuwa wakitaniana, "Umetoka kwa Soppuya? Kakae nje kwanza." Walicheka tu. Kichwa kikikuuma nyumbani kwa mkubwa, ni kichwa chako.

Basi mwaka mmoja mama mkwe huyo, mzee Nastaa, aliugua tumbo. Ikaja ndege. Akapanda mgonjwa, akapanda binti yake Soppuya kwa sababu ni binti, akapanda Balbaara kwa sababu ni mkwe na lazima awepo wa kufanya kazi. Njiani tufani ya theluji ikawashukia, rubani akatua kwenye ziwa lisilo na watu, na hapo wakakaa. Upepo ulitikisa ndege kama mtu anayetikisa gunia kuona kama bado lina kitu. Madirisha yaliota barafu nene, nje hukuoni. Balbaara alikesha na moto siku nzima na usiku wake. Alipasua kuni, akampa mzee maji kwa kijiko, akamsafisha. Kila alipotia kuni alitupia kwanza kipande cha siagi, kama Nastaa mwenyewe alivyomfundisha alipokuja ameolewa: mama wa moto anakula kabla ya watu. Nastaa alimwangalia akatikisa kichwa kwamba sawa. Soppuya alikuwa anasali na kulia kwa baridi.

Siku ya pili mchana marubani walitoka kufukua theluji. Balbaara akaangalia makaa, akaona buluu, akaacha bomba wazi. Akaegemea ukuta. Akapitiwa na usingizi.

Aliposhtuka alikuwa amelala juu ya theluji anatapika. Marubani walikuwa wamewavuta wote nje. Nastaa alikuwa amekwisha. Rubani anafoka, "Nani amefunga hili bati? Nani?" Na pale chini, upande wa pili wa maiti, Balbaara akamwona wifi yake, naye anatapika, naye anatetemeka, lakini mkono wake wa kulia unasugua vidole kwenye theluji. Anasugua, anasugua. Theluji ikawa nyeusi.

"Balbaara ndiye alikuwa kwenye moto," Soppuya akasema. "Yeye ndiye wa moto."

Ikawa hivyo. Balbaara alisema aliyoyaona, kila mtu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamwuliza, mtoto anaweza kumuua mama yake? Na mkwe akimsingizia wifi, hilo nalo ni jipya? Ulikuwa umechoka, mama. Ulisahau. Nani hasahau.

Mumewe, Kirgiel, hakumpiga wala hakumfukuza. Alianza tu kuwasha jiko mwenyewe. Kila siku, mpaka anazeeka, mpaka mikono inatetemeka, anajikokota kutoka kitandani aende akaangalie kibati. "Kirgiel, mimi nipo," anamwambia. "Najua upo," anamjibu. Balbaara aliishi na mtu huyo katika chumba kimoja, jiko katikati yao, na haruhusiwi kuligusa. Angekwenda wapi? Kwao ni mbali na waliomzaa wamekufa. Siku Kirgiel alipokata roho, jiko lilikuwa limezimika, na Balbaara alikaa kwenye baridi hiyo muda mrefu kabla ya kuita watu, kwa sababu hakutaka waingie wakute amewasha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Soppuya ilikuwa ndefu kama mto.

Wakazeeka. Soppuya akafiwa na mume, macho yakaanza kuingia ukungu. Mwanawe Mekhele akashika shamba la farasi kama baba yake, bwana mkubwa, kifua mbele. Mwezi wa tatu wa mwaka mmoja akaamua kumpeleka mama yake mjini kwa daktari wa macho. Na Balbaara alikuwa na jino. Shavu lilikuwa limevimba kama kibuyu, kichwa kimefungwa mtandio, mdomo haufunguki hata kwa uji. Ndege ni moja, utafanyaje. Alipanda.

"Umependeza, wifi," Soppuya alisema, akimkodolea macho kwa karibu. "Shavu moja limenona. Sijui la pili unalinyima nini."

"Ningekujibu," Balbaara akasema bila kuachanisha meno, "lakini kila neno linaniuma, na wewe huna thamani hiyo."

Rubani alikuwa Rodion, mtu wa mbali, mcheshi. Alikuwa na mwenzake asiyeongea. Nyuma walipakia magunia ya samaki waliogandishwa, watu wanawatumia ndugu zao mjini. Jiko lilikuwa lilelile. Lilikaa stoo miaka mingi, halafu mtu mmoja akaona ni upuuzi kuacha jiko zima lioze, likarudishwa. Balbaara alilitambua kabla hajaketi. Kibati kipo.

Upepo ukawakuta katikati ya safari. Rodion akatafuta ziwa, akatua vizuri, na vizuri hiyo ndiyo ikawaponza, kwa sababu chini ya theluji kulikuwa na maji. Maji yakazilamba zile mbao za ndege, na mara ndege iliposimama, yakaganda. Wakanaswa kama nzi kwenye uji. Rodion akaongea kwenye redio, akaambiwa subirini upepo utulie.

"Tutaomba dua gani sasa?" akauliza, anacheka.

"Tutawasha jiko," Mekhele akasema.

Akawasha mwenyewe. Balbaara alikuwa ameketi karibu, kwenye benchi. Mekhele akamwangalia huyo mke wa mjomba wake. "Mkaza mjomba, wewe kaa kule mkiani."

"Mkiani pana barafu ukutani."

"Una koti."

Rodion akageuka. "Kaka, huyu ni mzee na anaumwa. Mbona asikae na moto?"

"Alimuua bibi yangu," Mekhele akasema, kama mtu anayesema leo ni Jumanne. "Kwa jiko hilihili. Mwulize."

Rodion alitazama viatu vyake. Balbaara akainuka, akapita akishika ukuta, akaenda mkiani, karibu na mlango. Akaketi juu ya gunia. Na Mekhele, eti joto lisipotelee nyuma, akayavuta magunia mengine ya samaki akayapanga katikati ya njia, moja juu ya jingine, mpaka yakafika kifuani kwa mtu mzima. Mbele, jiko na mama yake. Nyuma, Balbaara na mlango.

"Umemfungia kama mbuzi," Rodion akasema.

"Mbuzi hafungi kibati."

Soppuya alikuwa anakunywa chai.

Upepo ulipopungua kidogo wanaume wakaona wakachimbue mbao kabla barafu haijanenepa. Wakachukua mashoka, wakayapanda magunia, wakashukia upande wa Balbaara. Mekhele akageuka mlangoni, "Mama, angalia moto. Huyo asikaribie." Komeo la mlango lilikuwa bovu, upepo ulikuwa unaupigapiga, kwa hiyo walipotoka wakaukaza kwa nje kwa gogo. Balbaara akausikia ukikazwa. Basi. Mlango umezibwa, njia imezibwa kwa magunia, magoti yake hayapandi hata ngazi mbili. Mbele yake kulikuwa na samaki waliokufa na nyuma yake bati la ndege lenye barafu. Akafikiri, hata kaburi lina nafasi zaidi, na watu wake hawakupangii samaki.

Wakakaa hivyo, wanawake wawili. Mashoka yanasikika chini ya sakafu, tok, tok. Kuni zikawaka, zikaanguka, zikawa makaa.

Balbaara akasimama, akaangalia juu ya magunia. Mlango wa jiko ulikuwa na ufa. Kwenye ufa, buluu. Inacheza.

Soppuya akainama, akachungulia makaa kwa yale macho yake ya ukungu. Kisha, bila haraka, kama mtu anayejifunika shuka, akanyanyua mkono wa kulia akasukuma kibati mpaka mwisho. Akajipangusa vidole kwenye sketi. Akavuta blanketi.

Balbaara akakaa chini.

Sasa hapa tusidanganyane. Alikaa kimya, na hakukaa kwa sababu ya jino. Alifikiri, amefunga mwenyewe, kwa mkono wake, na alale mwenyewe. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kuwa kizito na hakujali. Miaka yote hiyo alitamani Mungu amwone Soppuya, na Mungu alikuwa amemwona. Lakini halafu akawaza zaidi. Soppuya akifa hapa, atakufa mtu mwema. Watamlilia kijiji kizima, farasi watachinjwa, na watasema, alisafiri na Balbaara kwenye ndege yenye jiko, mlitegemea nini? Marehemu hakiri kosa. La. Hakumtaka maiti. Alimtaka hai, na macho yake yakiwa wazi.

"Soppuya. Fungua kibati."

"Nani?"

"Kuna buluu. Fungua."

"Sikusikii, wifi, unaongea kama una viazi mdomoni." Sauti ilikuwa imeshalegea.

"Umefunga kibati. Makaa yana buluu."

"Yametulia. Nimeyaona yametulia. Unataka kuni ziishe tugande? Nafunga hivi siku zote." Akapiga miayo. "Ondoa kelele, kichwa kinaniuma."

"Kitakuuma sana. Inuka ufungue."

Balbaara akajaribu kupanda magunia, goti likakataa, akateleza. Akajaribu kuyasukuma, samaki wamegandana wamekuwa mawe. Akaita, "Mekhele!" na kutoka kwenye lile shavu ikatoka sauti ya paka. Akaupiga mlango kwa ngumi, glavu ya manyoya haitoi hata mlio. Mbele, kichwa cha Soppuya kilikuwa kimeanguka kifuani.

Akafungua gunia alilokuwa amekalia, akachomoa samaki mmoja, mrefu kama mkono, mgumu kama nguzo, akamshika mkiani kwa mikono miwili, akaanza kuipiga ndege. Kila pigo jino lilimwingia ubongoni. Akapiga. Kichwa cha samaki kikakatika, akapiga kwa shingo. Aliitukana ndege, alimtukana fundi aliyekufa zamani, alimtukana Kirgiel kaburini, akapiga.

Mashoka yakanyamaza. Gogo likaondolewa. Mlango ukafunguka na baridi ikaingia kama mbwa.

"Wewe bibi una nini?" Mekhele akaanza, halafu akanusa hewa bure, kama inavyonuswa hewa isiyo na harufu, akaona mama yake alivyoanguka, akaona bomba limezibwa. Akamgeukia Balbaara, uso umekunjamana. "Umefunga. Umefunga tena."

Balbaara alikuwa ameketi na samaki asiye na kichwa mapajani. Alimwelekezea tu kwa kidevu, yale magunia.

Mekhele akayatazama. Alikuwa ameyapanga mwenyewe. Yapo vilevile, kifuani, na juu yake umande wa barafu haujaguswa ila pale buti za wanaume watatu zilipopita.

"Angepitia wapi?" Rodion akauliza, taratibu. Mekhele aliruka magunia, akalivuta lile bati, akambeba mama yake, wakapokezana juu ya samaki, wakamtoa nje.

Soppuya alifumbua macho kwenye theluji. Akatapika. Rodion akampa maji. Balbaara naye walikuwa wamemshusha, ameegemea mbao ya ndege, kichwa kinazunguka, lakini hakumwondolea macho wifi yake. Alikuwa anasubiri. Alijua.

Na Soppuya, kabla hajauliza yuko wapi, kabla hajamwita mwanawe, akavua glavu ya mkono wa kulia, akaingiza vidole kwenye theluji, akaanza kusugua. Anasugua, anasugua. Theluji ikaanza kuwa nyeusi.

Mekhele alikuwa amesikia habari ya vidole hivyo tangu utoto. Ilikuwa ni mzaha wa familia, uwongo wa Balbaara. Akachutama mbele ya mama yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nanawa."

"Siku ile ya bibi. Ulinawa hivihivi?"

Mkono ukasimama. Upepo ulikuwa unaburuta theluji juu ya ziwa, na hapakuwa na mahali pa kwenda, kila upande ni weupe. Soppuya akamtafuta mwanawe kwa macho yale, akampata.

"Makaa yalikuwa yametulia," akasema. "Mwanangu, mimi niliona yametulia. Mama alikuwa anasikia baridi. Nikasema nimwekee joto." Kisha akasema, polepole zaidi, "Nilipoona amekufa, ningesema nini? Ni mama yangu."

Yule rubani asiyeongea akavua kofia, akaivaa tena.

Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, na huyu alikamatwa na masizi, mara mbili, vidole vilevile.

Walirudi ndani kwa sababu baridi haingojei watu wamalize aibu zao. Mekhele akaanza kuyaondoa magunia. Hakumruhusu mtu kumsaidia. Aliyabeba moja moja, jasho linamtoka na kuganda kwenye nyusi, mpaka njia ikawa wazi. Kisha akaokota kuni tatu na ile fimbo ya kuchokolea moto, akasimama mbele ya Balbaara kichwa chini, bwana mkubwa yule.

"Shika moto, mkaza mjomba."

Balbaara akamwacha asimame. Akapangusa pua. Akaurekebisha mtandio.

"Tukifika nyumbani nitasema mwenyewe," Mekhele akaongeza. "Mbele ya watu wote."

"Na Kirgiel utamwambia lini?"

Balbaara akachukua kuni. Akapita katikati ya ndege, akaketi mbele ya jiko, akafungua mlango wake. Akabandua ngozi ya yule samaki kwa kucha, akapata kipande cha mafuta, akakitupia makaa kwanza. Moto ukala, ukasema tss. Ndipo akaweka kuni. Akalichomoa lile bati kwenye bomba, lote, akalikalia.

Soppuya alikuwa amesimama nyuma yake, anapapasa benchi pa kukaa.

"Wifi," akasema. "Balbaara. Sisi ni wazee. Nisamehe tuzikane vizuri."

Balbaara alikuwa anaangalia moto.

"Kaa kule mkiani," akasema.

Soppuya akamtazama mwanawe. Mekhele alikuwa anaangalia dirisha, na dirisha lilikuwa barafu tupu. Basi akashika ukuta, akaenda.